Jua Halikuwamo Kwenye Kura

Marehemu Bi Wanu binti Machano, Mungu amtilie nuru kaburini mwake, alikuwa na wivu, na hakuna aliyekaa naye nyumba moja atakayesema vyengine. Watu wa Nungwi wanamkumbuka kwa dagaa wake: mkavu, safi, asiye na chembe ya mchanga, ambaye wanunuzi wa Kongo walikuwa wakimuulizia kwa jina la mwenyewe. Ni kweli. Lakini kumtaja kwa dagaa na kuuacha wivu wake ni kama kumzika nusu. Alikuwa mwanamke wa sala tano, hakupitwa na mwenye njaa mlangoni kwake, na alikuwa na wivu. Yote hayo yalikaa katika kifua kimoja na wala hayakugombana sana.

Hakuzaliwa nao. Aliletewa na mumewe, Haroub, ambaye alikuwa akisimamia upakiaji wa mizigo bandarini Malindi, mjini. Siku moja Haroub alirudi kazini, akakaa kitandani bila ya kuvua viatu, akasema anataka kuoa mke wa pili. Wanu alikuwa na ungo wa mchele mapajani. Hakulia, wala hakuumwaga mchele. Aliuliza neno moja tu.

"Anajua kukausha dagaa?"

"Hajui. Ni fundi wa kushona mabuibui, anakaa Kiembe Samaki."

"Basi hajui kitu," Wanu akasema, akaendelea kuchambua.

Huyo mke wa pili aliitwa Sumaiya, na alikuwa mtoto wa watu, mpole, mwenye sauti ndogo. Kwa Wanu upole huo ulikuwa kosa lake la kwanza. Mke mwenza mkorofi unajua pa kumshika. Mpole huna pa kumshika, anateleza kama pweza.

Haroub naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcha Mungu, na kabla ya kuoa alikwenda kusikiliza darsa la uadilifu baina ya wake, akatoka na khofu ambayo haikumtoka tena. Alisikia kwamba mwenye wake wawili akaelemea kwa mmoja, atakuja Siku ya Kiyama upande wake mmoja umeinama. Tangu hapo alitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Akinunua doti ya kanga kwa Nungwi, atanunua na ya Kiembe Samaki, rangi ile ile, na maneno yake yale yale, ili pasiwe na wa kumvalia mwenzake mafumbo. Akipata samaki mkubwa humkata katikati, na kichwa na mkia huenda kwa zamu. Akiulizwa kule alikotoka amekula nini, jibu lake lilikuwa moja: "Wali mkavu." Alijibu hivyo Nungwi na alijibu hivyo Kiembe Samaki, mpaka kila mke akawa anamuonea huruma kwa njaa anayoipata kwa mwenziwe.

Lakini Wanu hakuwa mtu wa kushibishwa na wali mkavu. Alinusa kola za kanzu. Aliichunguza pasi.

"Kanzu hii imepigwa pasi ina mkunjo mgongoni. Mimi sipigi hivi. Ipi unaipenda?"

"Zote zanisitiri," Haroub husema.

"Sikukuuliza sitara. Nimekuuliza ipi unaipenda."

Haroub hutoka kwenda msikitini, hata kama sala bado.

Basi ikatokea simu ya Wanu ikatumbukia katika sufuria la kuchemshia dagaa, ikachemka pamoja nao. Haroub akawa hana budi kununua nyengine, na kwa sheria yake mwenyewe akinunua moja amenunua mbili, ijapokuwa simu ya Sumaiya ilikuwa nzima. Akenda Darajani kwa kijana mmoja muuza simu, Haitham, mwenye duka lisilozidi kabati. Alitaka mbili za kufanana. Haitham akasema amebakiwa na moja moja, aina mbalimbali, lakini bei yake sawa.

"Sawa sawa?"

"Mzee wangu, hata senti haizidi."

Moyo wa Haroub ukatua. Bei ikiwa sawa, yeye aliona haki imekamilika. Kilichobaki ni nani apewe ipi, na hilo aliogopa kuliamua kwa kichwa chake. Akakumbuka kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, akitaka kusafiri hupiga kura baina ya wakeze. Akaona akiishika sunna hapotei.

Kura ikapigwa Malindi, kwa dada yake, Bi Shahida, nyumba isiyokuwa ya mke huyu wala ya mke yule. Ilikuwa Ijumaa baada ya chakula. Simu zilivingirishwa magazeti, zikawekwa juu ya sinia, na Wanu kwa ukubwa wake akaambiwa atangulie. Hakuchukua upesi. Alinyanyua hii akaiweka, akanyanyua ile akaiweka, akarudia tena.

"We Wanu, unapima nyama?" Bi Shahida akamuuliza.

Sumaiya akainamisha uso, akatabasamu. Wanu aliliona tabasamu lile, likamtia haraka. Akachukua iliyokuwa nzito. Katika biashara ya dagaa, gunia zito ni gunia lililofichwa maji, na yeye mwenyewe alishawarudishia watu magunia yao mbele ya kadamnasi kwa sababu hiyo. Siku ile akili ya dagaa ilimtoka. Alidhani kizito ndicho kilichojaa.

Kesho yake akaenda nayo pwani kwenye chanja zake.

Asiyepajua mahali pale hajui jua. Dagaa huchemshwa kwa maji ya chumvi asubuhi, kisha humwagwa juu ya chanja za nyavu, na mwenyewe hukaa hapo akiwageuza mpaka Alasiri. Hakuna mti. Upepo ni ule wa kupindua mwavuli ukaupeleka baharini. Na mchanga ni mweupe, kwa hivyo mtu huchomwa na jua la juu na jua la chini. Mnunuzi wa Kongo alikuwa ameshauziwa dagaa wa mchanga na watu wengine, na sasa hakubali kununua mpaka wapigiane simu ya video mchana, awaone dagaa kwa macho yake wakiwa juu ya chanja.

Wanu akaiwasha simu yake mpya, akaiona nyeusi. Akaongeza mwanga mpaka mwisho. Alichokiona ni uso wake mwenyewe, na nyuma ya uso, mawingu. Akajifunika kanga kichwani, akachutama, akaiingiza simu humo ndani.

Pembeni alikuwako Bi Ummukulthum, jirani yake wa chanja, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko.

"Wanu! Unaatamia? Tutarajie vifaranga lini?"

"Cheka. Nnazungumza na Kongo."

Kongo akapatikana. Wanu akaitoa simu nje ya kanga, akawaelekezea dagaa, akatembea nayo chanja mpaka chanja, huku akisifia mali yake bila ya kuona kitu kiooni. Alipomaliza, sauti ikasema, "Mama, mimi naona kidole tu."

Alikuwa ameziba jicho la simu kwa kidole gumba, mwanzo mpaka mwisho.

Simu ile ilikuwa na sifa moja. Ilikaa na chaji usiku na mchana na kutwa ya pili, na pale pwani hapakuwa na umeme wa kuitilia. Lakini Wanu hakuihesabu sifa hiyo. Mtu haihesabu heri aliyonayo wakati anaitazama ya mwenziwe, na siku ya kuitazama ya mwenziwe haikuwa mbali.

Mfungo sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, ulipoingia, jamaa wa Haroub wa Nungwi wakasoma maulidi mchana, na Sumaiya akaja. Baada ya kula, wanawake walikaa uani, jua la utosini. Mmoja akamuuliza Sumaiya habari za mabuibui ya Sikukuu. Sumaiya akatoa simu yake pale pale juani, akaanza kuonesha picha. Wakakusanyika. Rangi zilikuwa zimekaa kiooni kama zimetiwa sasa hivi, hata shanga za mikononi zilihesabika.

"Mashaallah," Bi Ummukulthum akasema, "hii simu au dirisha?"

Wanu alichungulia juu ya bega la mtu. Aliona. Akaikaza kanga yake kifuani.

"Na yako, dada Wanu?" Sumaiya akauliza kwa ile sauti yake ndogo. "Na yako iko hivi?"

"Yangu nimeiacha ndani, inapumzika."

Hapo hapo simu ikalia kifuani mwake, ndani ya kanga. Ikalia na kulia. Wanawake waliangaliana, kisha Bi Ummukulthum akasema, "Imeamka," na ua zima likaenda kwa kicheko. Sumaiya hakucheka. Wanu angependa sana acheke, apate la kumwambia.

Zamu ya Nungwi ilipofika, Haroub alikuta chai mezani na mkewe amekaa upande wa pili, mikono imekunjwa.

"Umenidhulumu," Wanu akasema.

"Nimekudhulumu nini?"

"Simu."

"Bei ni moja, Wanu. Na kura tumepiga mbele yako, tena wewe umechagua mwanzo. Umezipima mpaka dada yangu akakutania."

"Kura mmepiga nyinyi. Jua halikuwamo kwenye kura. Yeye yumo ndani kutwa ana simu ya juani, mimi niko juani kutwa nina simu ya ndani. Huo ndio uadilifu uliokwenda kuusomea? Wallahi, Haroub, nakwenda kwa kadhi. Nitasema mume wangu ameelemea upande, na nitadai talaka yangu."

Haroub alikiweka kikombe chini. Talaka ilikuwa haijawahi kutajwa katika nyumba ile, hata siku ya ungo wa mchele. Lakini lililomtetemesha zaidi lilikuwa lile neno la kuelemea, maana yeye alikuwa akiliota.

"Usende," akasema. "Twende kwanza kwa aliyeniuzia."

Wakenda Darajani. Haitham aliwapa kiti kimoja, akakalia Wanu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Niambie, kwa nini simu ya mwenzangu inastahamili jua na yangu inakufa macho?"

Haitham alikuwa muuzaji, lakini hakuwa mwongo. Aliziwasha mbili za mfano, akazitoa mlangoni kwenye jua.

"Hii kama yako ni kioo cha LCD. Nyuma yake ina taa, na mbele ya taa ni kama pazia la rangi. Taa inawaka muda wote, hata pale unapoona weusi. Jua likiishinda ile taa, basi, huoni. Hii nyengine ni AMOLED. Haina taa ya nyuma. Kila nukta inajiwashia yenyewe, na penye weusi imezima kabisa, ndiyo maana rangi zimekoza. Ikihisi jua, inajikaza, inang'ara."

"Kwa hivyo ndiyo bora."

"Kwa macho ya juani, bora. Lakini sikiliza, bibi. Kung'ara huko kunakula chaji. Na ikikaa juani muda mrefu inapata moto, na ikipata moto inajipunguza mwanga yenyewe isije ikaungua. Betri yake pia ni nyembamba, yako ni nene, ndiyo ule uzito. Ndani ya nyumba, ukiiwekea sura nyeusi, hiyo AMOLED inakula kidogo sana. Pwani mchana kutwa, kwa ukurasa mweupe? Mimi sikuahidi kitu."

"Basi zinalingana?" Haroub akauliza, kama anayeomba fatwa.

"Zinalingana hapa dukani, mzee. Zikitoka mlangoni kila moja na riziki yake."

Katika maneno yote hayo Wanu alichukua matatu tu: bora kwa macho. Akataka wabadilishane. Haroub akaenda Kiembe Samaki akiwa na uso wa mtu anayekwenda kuomba mkopo, akarudi na simu ya Sumaiya. Laini zilikuwa zimeshabadilishwa. Ni kwa kujaribu tu, mpaka zamu ifuatayo.

"Kasema nini?" Wanu akauliza.

"Kasema uichukue. Ila usiitie harufu ya dagaa."

"Kasema hivyo?"

"Kwa wema, Wanu."

"Namjua kwa wema wake."

Asubuhi iliyofuata, pwani, Wanu alikuwa kama bibi harusi. Aliishika simu juu kuliko ilivyohitajika, ili Bi Ummukulthum aione. Kila kitu kilikuwa wazi: chanja, nyavu, dagaa mmoja mmoja, na uso wa mnunuzi ambaye alikuwa hajawahi kumuona vizuri, kumbe ana mwanya. "Mama, leo naona mpaka macho yao!" mnunuzi akasema. Wanu akatembea naye chanja zote.

Ilipokaribia Adhuhuri simu ikawa ya moto kama chapati iliyotoka juu ya chuma. Kioo kikafifia chenyewe, taratibu, kama mtu anayesinzia. Wanu akaongeza mwanga, haukuongezeka. Akaipepea kwa ungo. Akaitia ndani ya mkoba wa ukili, akaitoa. Chaji ilikuwa inashuka mbele ya macho yake, na Alasiri haijaadhiniwa mnunuzi akawa anasema, "Basi mama, nichukulie magunia..." na simu ikazima.

"Dirisha limefungwa?" Bi Ummukulthum akauliza.

Moyoni Wanu alikuwa ameshaamua kuibakisha. Bora simu ya nusu siku inayoona kuliko ya siku mbili kipofu. Na juu ya yote, ilikuwa ya Sumaiya.

Zamu ilipofika, Haroub aliingia mlangoni amechangamka. Zilikuwa habari njema, au yeye alidhani hivyo.

"Mwenzio amekataa kurejeshewa. Anasema umeme ukikatika kwao, ile yake ilikuwa inamzimikia na wateja hawampati. Sasa anashona kutwa anasikiliza Qur-ani, na jioni simu bado ina nguvu. Anasema simu yako ina baraka. Basi kila mtu akae na aliyonayo, na mambo yamekwisha."

Wanu alisimama.

"Amesema ina nini?"

"Baraka."

"Simu yangu? Kwangu ilikuwa gogo, imefika kwake imeota baraka?" Akaanza kutembea chumbani, kutoka dirishani mpaka kabatini. "Irudi. Irudi leo."

"Wanu, si uliikataa mwenyewe?"

"Niliikataa haijapendwa na mtu!"

Haroub akakaa kitandani. Aliuvua mkono wake mmoja wa kanzu, akauvaa tena, hajui anafanya nini. Mwisho akasema, "Basi. Nitaziuza zote mbili, nitazidisha, nitanunua mbili za kufanana, pacha. Kioo kimoja, betri moja, rangi moja. Patakuwa hapana neno tena."

Aliposema hivyo Wanu akaacha kutembea. Alikaa mwisho wa kitanda, mbali naye, na aliposema sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sitaki sawa, Haroub."

"Hutaki sawa? Si ndilo unalodai?"

"Yeye ukimpa sawa umempa, maana alikuja hana kitu kwako. Mimi ukinipa sawa umeninyang'anya nusu. Mimi nlikuwa na wewe mzima. Unanigaia samaki, unanigaia kanga, unanigaia siku, unapima, unaogopa moto, na mimi naona kabisa unaogopa. Lakini kila unapopima, mimi ndiye ninayekatwa."

Haroub akasema, taratibu, "Mungu mwenyewe kasema hatutoweza kufanya uadilifu baina ya wake, hata tukikakamia."

"Basi ikiwa Muumba wako anakujua, mimi mkeo nisikujue? Nataka kitu kimoja ambacho kule hukipeleki. Kimoja tu. Kama hakipo, nipeleke kwa kadhi kwa heshima."

Haroub akatoka, na safari hii sala ilikuwa imeshaadhiniwa kweli.

Simu zikarejeshwa kila moja kwa mwenyewe. Sumaiya aliirudisha ile nzito imefutwa safi, ndani ya kimfuko cha kitambaa cheusi alichokishona mwenyewe. Wanu akakitoa kile kimfuko, akakitazama mshono wake, akatafuta kasoro asiione, akakasirika upya. Ile habari ya kadhi ilibaki imening'inia ndani ya nyumba. Hakuna aliyeitaja na hakuna aliyeisahau, na buibui la Wanu la kutokea mjini lilikuwa limeshapigwa pasi.

Ijumaa ya zamu yake ikafika. Haroub, desturi yake, akitoka msikitini Ijumaa hula, hulala mpaka Alasiri. Siku ile alimaliza sala akashuka moja kwa moja pwani, kanzu nyeupe na kofia ya kiua, viatu mkononi. Wanawake wa chanja wakaacha kupindua dagaa. Mwanamume huonekana pale wakati wa kuleta dagaa tu, tena kwa kaptura.

"Umefuata nini?" Wanu akamuuliza.

"Mnunuzi wako anapiga saa ngapi?"

"Sasa hivi. Kwani?"

Haroub aliokota jamvi kuukuu lililokuwa likifunikia magunia, akalikung'uta, akalishika kwa mikono miwili juu ya kichwa cha mkewe, akasimama. Upepo ulilichukua jamvi na kanzu, akajikaza.

Simu ikalia. Wanu akaitazama. Chini ya jamvi kioo kilikuwa kimefunguka: uso wa mnunuzi, mwanya wake, na dagaa, wazi kabisa. Mkono mmoja ukashika simu, mwengine ukawa unawapindua dagaa kuonesha chini yake. Akapiga hatua, na jamvi likapiga hatua.

"Lo! Haroub kaota mizizi!" Bi Ummukulthum akapiga kelele. "Jamani njooni muone mti wa mkungu umevaa kanzu!"

"Mkungu huo unatembea!" mwengine akaitikia. "Bwana Haroub, ukimaliza hapo upite na kwangu, mie mjane!"

Haroub alitokwa na jasho, kofia imemteremkia mpaka kwenye nyusi, hana mkono wa kuipandishia. Walifika chanja ya mwisho, mnunuzi akataja magunia yake yote, simu ikakatwa na bado ilikuwa na chaji ya kufika kesho.

Wanu hakumwambia ashushe jamvi. Alimtazama kwa yale macho yake ya kunusa kola.

"Na huko Kiembe Samaki," akauliza, "jamvi unamshikia vipi?"

"Huko kuna paa," Haroub akasema.

Wanu alifikiri. Aliligeuza neno lile huku na huku kama anavyomgeuza dagaa, akitafuta upande mbichi. Kisha akaupindisha uso ili Bi Ummukulthum asimuone anavyocheka, akaokota ungo wake, akasogea kwenye chanja ambayo dagaa wake walikuwa bado hawajapinduliwa.

"Njoo basi," akamwambia. "Na upandishe upande huo, jua linaingia."